Sentimita Sitini na Mbili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi! Sweta mbili, soksi mbili, na bado vidole vinagoma kubofya. Wenyeji wananicheka, wanasema hii bado, ngoja Julai. Haya, tungoje Julai.

Leo mafundi wamemaliza kuta za msingi wa jengo la wazazi, lile la njia ya Pito. Nikaingiza kwenye modeli, msingi wote ukageuka kijani. Kijani maana yake umekamilika. Nikageuka nimwonyeshe mtu — hamna mtu. Injinia Edwin yuko kikaoni. Victor wa manunuzi alichungulia begani kwangu akauliza kama hilo ni gemu. Nikamwambia ndiyo, na nimeshinda.

Miezi mitano sasa. Ofisi ina watu kumi na wanne, na anayeweza kuifungua modeli ni mimi tu. Ndicho walichonitoa Kahama kuja kufanya: mradi wa majaribio, jengo la serikali lijengwe kwanza kwenye kompyuta, kila bomba na kila nondo mahali pake, halafu ndipo lijengwe ardhini. Jambo zuri. Naliamini kabisa. Ila hakuna aliyeniambia kwamba humo kwenye modeli nitakuwa naishi peke yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Saiti tangu asubuhi. Mafundi wanaongea Kifipa na vicheko juu. Nikitokea wanahamia Kiswahili, na Kiswahili chao kwangu kina maneno mawili: salama, na sawa.

Anayeongea nami ni Mzee Theodory, fundi mkuu. Jengo linajengwa kwa fosi akaunti, yaani hakuna kampuni. Kamati ya ujenzi imemchukua fundi wanayemjua wenyewe. Na huyu wanamjua. Kajenga madarasa toka hapa mpaka Chala, miaka thelathini. Ana kofia ya sufu anayoivua akiingia ndani ya jengo, hata kama jengo lenyewe halina kuta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza ng'ombe nimewaacha wapi. Msukuma asiye na ng'ombe, anasema, ni wa kutiliwa mashaka. Nikamjibu ng'ombe wangu wako kwenye kompyuta. Alicheka mpaka akakohoa.

Tableti anaishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Lakini anaifuata! Kimo cha sakafu inachosema ndicho anachojenga, mpaka milimita. Kuna wahandisi wenye digrii zao hawajafika hapo.

Jumatano, 11 Juni

Mama kapiga simu. Kauliza nakula na nani. Nikasema watu wapo wengi, mama, usijali. Muongo mkubwa mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Siku nzuri! Niandike kabla haijapoa.

Modeli ilikuwa inanionyesha doa jekundu: bomba la choo linakutana uso kwa uso na nguzo ya kona. Kwenye michoro ya karatasi huwezi kuliona hilo, maana bomba liko karatasi yake na nguzo iko karatasi yake. Nikakimbia saiti. Mzee Theodory hakuamini. Akavuta futi yake, akapima, akapima tena, akakaa kwenye ndoo. Leo mchana walikuwa wamwage zege la nguzo ile. Kesho tungekuwa tunabomoa.

Akawaeleza vijana wake kwa Kifipa, maneno mengi, na kidole kinanionyesha mimi. Sikuelewa hata moja. Halafu wakaniita kula. Sinia moja, ugali wa ulezi, maharage, mikono sita na wa kwangu wa saba. Ugali ule unanata, sijauzoea, nikawa naumega vibaya, wakacheka — lakini kicheko cha kunicheka mimi, nikiwa mbele yao, si kile cha kuondoka nacho njiani nikijiuliza wananicheka nini. Mzee akasukuma maharage upande wangu.

Mara ya kwanza kula na watu tangu Januari. Nimehesabu.

Jumanne, 24 Juni

Sijui nianzie wapi.

Dada Jenifa, muuguzi mkunga wa zahanati ya zamani pale jirani, alikuja kulitazama jengo lake. Sakafu imeshamwagwa. Akasimama nje, kwenye nafasi ya mlango mkubwa. Sakafu ilimfika kiunoni. Hakuniuliza kwa utani. Aliuliza mama mwenye uchungu, yuko kwenye machela, anapandaje hapo.

Nikamwambia kutakuwa na rampu, mteremko wa kupandishia machela, iko kwenye modeli, mita tano na nusu hivi. Nikaifungua tableti nimwonyeshe. Kwenye tableti sakafu iko juu ya ardhi kwa sentimita arobaini na tano. Nikaitazama tableti. Nikakitazama kiuno cha Jenifa.

Nikamwomba Mzee Theodory futi. Mia moja na saba. Kona nyingine, mia moja na tano. Nyingine, mia moja na tisa. Kwa kimo hicho rampu ya kupandishia machela inataka karibu mita kumi na tatu. Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni mita tisa.

Kila mtu ananitazama mimi. Nikasema nitaangalia ofisini. Mzee Theodory alinitazama kidogo zaidi ya wengine, akarudi kwenye kazi yake.

Jumatano, 25 Juni

Nimekijua chanzo. Ni mimi.

Nilizifungua picha za droni za mwezi wa tatu, siku nilipokipima kiwanja. Nyasi ndefu, na chini ya nyasi vimwinuko, kimoja kimoja, kiwanja kizima. Ntumba! Lilikuwa shamba la ntumba. Wafipa hufyeka nyasi, wanazifukia kwa udongo, wanatengeneza vichuguu vya duara vinavyofika pajani, wanaviacha nyasi zioze ndani, halafu msimu ukifika wanavitawanya na kupanda. Nimevipita kila siku kwenye basi la Chala na pikipiki za Pito. Nilidhani ni urembo wa mashamba ya huku.

Droni ilipita juu ikaona vichwa vya ntumba. Programu ikaviunga vichwa, ikasema hii ndiyo ardhi. Na mimi nikasema sawa. Nilitakiwa kuingia katikati ya shamba na mashine ya leveli nihakikishe. Kulikuwa na mvua, radi, tope mpaka kwenye fundo la mguu. Nikahakikisha pointi nne, zote kando ya barabara, pasipo na ntumba hata moja. Zote nne zikawa sahihi. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai.

Mwezi wa tano mafundi wakavitawanya vile vichuguu, ardhi ikalala mahali pake pa siku zote. Sakafu iko pale pale nilipoamuru iwe. Ardhi niliyoipima ndiyo haikuwepo. Tofauti, kwa wastani: sentimita sitini na mbili.

Na aliniambia! Mwezi wa nne, tunapiga mambo, vile vigingi vya kuonyesha kona. Mzee Theodory alisema hapa ni ntumba, ardhi hii italala. Naikumbuka sauti yangu mwenyewe: mzee, mashine imeshapima. Akavuta kofia mpaka masikioni, akasema sawa.

Mtoto yeyote wa Pito angeniambia. Sikumuuliza mtu. Nani wa kumuuliza, wakati sisemi na mtu?

Hapana. Hivyo ni visingizio. Yupo mmoja aliyesema nami, na huyo ndiye sikumsikiliza.

Ijumaa, 27 Juni

Nimempelekea Injinia Edwin zile namba. Namba tu. Nilipanga nitoe namba kwanza halafu niseme sababu. Hakungoja. Akasema fundi kapandisha kozi tatu za ziada za matofali kwenye msingi, hawa wazee ndivyo walivyo, wanajenga kwa mazoea. Akawa anatafuta kalamu kwenye droo.

Naandika hapa ili baadaye nisijidanganye: nafasi ilikuwepo. Alikuwa kimya, anatafuta kalamu, kama nusu dakika nzima. Sikusema.

Jumapili, 29 Juni

Mama Tereza mwenye nyumba kaenda misa ya kwanza, akatoka akaenda jumuiya, halafu kuna mgonjwa wa kumwona, halafu ubatizo. Alinikaribisha. Mimi si Mkatoliki, na leo sifai kukaa na watu. Mtaa wote wa Malangali umefunga milango kwa sababu ya upepo. Nimefua, nimeanua, nimezikunja nguo moja moja. Bado saa nane mchana!

Nimeifungua modeli. Nikaizungusha, nikaingia kwa mlango mkubwa, nikapita chumba cha kujifungulia, chumba cha watoto njiti, nikatoka nyuma. Nzuri kweli. Kila kitu kiko mahali pake isipokuwa dunia.

Jumanne, 1 Julai

Nimemwambia Injinia Edwin. Nilisimama mezani kwake nikaeleza yote: mvua, ntumba, pointi nne.

Alivua miwani. Kisha akasema, polepole, wala hakukasirika:

"Modeli haijakosea, Salome. Aliyekosea ni mtu."

"Mtu mwenyewe ni mimi, Injinia."

"Wewe ndiye modeli. Hapa mkoani nani mwingine anaifungua?"

Anasema wageni wa serikali kutoka Dodoma wanakuja kuukagua mradi tarehe kumi na sita. Wakisikia kwamba modeli imejenga juu ya ardhi ambayo haipo, basi, imeisha. Majengo matano yanayosubiri zamu yanarudi kwenye karatasi na kukisia, na mabomba yatakutana na nguzo mpaka tuzeeke. Na mimi nitarudi kwetu. Hilo hakulisema kwa kunitisha. Alilisema kama mtu anayesoma ratiba. Kamati itamwandikia fundi barua, atasimamishwa, atatia saini kwamba hakufuata vipimo. Mimi niandike ripoti.

Si mtu mbaya. Huu mradi kauombea miaka miwili kwenye ofisi za watu. Angekuwa mbaya ningelala vizuri.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Sikukuu. Nikapanda pikipiki kwenda Pito, kwa Mzee Theodory. Nimwambie mwenyewe kabla barua haijafika.

Nyumba imejaa! Wanapukuchua mahindi. Mke wake, binti zake wawili, wakwe, majirani, mama mmoja mzee sana aliyenishika mkono asiuachie. Wakanipa kigoda na mahindi yangu. Mzee akanitambulisha: huyu ndiye aliyeliona bomba. Wote wakasema aaa! Kumbe bomba lile limesimuliwa hapa kijijini mpaka limekuwa hadithi.

Mke wake akaniuliza naishi na nani mjini. Nikasema peke yangu. Akageuka kwa wenzake akasema kitu kwa Kifipa, na wote wakanitazama kwa huruma iliyonichoma. Yule bibi akanikaza mkono.

Nimekaa kwa muda wa saa tatu nzima. Vidole vimetoka malengelenge. Kila nilipotaka kumwita mzee pembeni kulikuwa na mtu anaongea, au chai inaletwa, au mimi mwenyewe sikutaka. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu nikiwa na joto ubavu huu na ubavu huu. Sikutaka kunyanyuka. Huo ndio ukweli, na ni aibu.

Wamenifungia debe la mahindi. Limekaa pale mlangoni.

Alhamisi, 10 Julai

Barua imefika jana. Mzee Theodory hayupo saiti. Vijana wapo, wanapanga matofali chini ya msimamizi wa muda. Nilisema habari za kazi. Hakuna aliyejibu hata salama.

Saa sita wakakaa kwenye sinia. Nilisimama pale na tableti yangu, nikijifanya nakagua lenta za madirisha. Hawakuniita. Nilikula biskuti ndani ya gari la ofisi, vioo juu.

Jumanne, 15 Julai

Kesho wageni. Slaidi ishirini. Ya tano ni bomba na nguzo, itapigiwa makofi. Ya kumi na moja ina kichwa tu: Changamoto. Chini yake tupu. Injinia Edwin amenitumia kwa simu maneno ya kuweka, mstari mmoja: fundi kutozingatia vipimo vya modeli. Nimeyasoma mara ishirini. Nikiyanakili ni sekunde mbili.

Mama kapiga. Nikamwambia huenda nikarudi nyumbani mapema. Akauliza kuna nini. Nikasema baridi tu, mama.

Jumatano, 16 Julai

Mapumziko ya chai. Naandika kwenye daftari la ofisi, koridoni, nitabandika ukurasa humu baadaye.

Nusu ya kwanza imepita. Makofi kwenye bomba, kama nilivyojua. Mgeni mkubwa kasema huu ndio mfano wa nchi. Injinia Edwin alikuwa anang'aa. Nikasema naomba dakika mbili, nikatoka.

Na kwenye benchi la koridoni — Mzee Theodory. Koti la misa, kofia mkononi. Wamemwita asubuhi alete barua yenye saini. Kumbe ameshaitia. Ameikunja mara nne.

Shikamoo haikutoka vizuri. Akaitikia hivyo hivyo. Nikakaa. Nikamwambia yote bila kupumua: mzee ni mimi, si wewe, sakafu uliijenga sawasawa, mimi ndiye niliyepima vichwa vya ntumba, nilijua tangu tarehe ishirini na tano, nilikuja kwako Saba Saba kukwambia na sikusema.

Alikuwa anatazama mbele, ukutani.

"Najua," akasema. "Nilikwambia mwezi wa nne."

Nikamuuliza kwa nini basi ametia saini. Akakasirika! Mara ya kwanza kumwona. Akasema, tena kwa sauti ya chini, ya ukali, kwamba jina lake kalijenga miaka thelathini na halikuwa la kuchezea, na kwamba hata yeye ana kosa: alijua ardhi ile italala, akanyamaza kwa sababu ya tableti, na fundi anayenyamaza akijua si fundi. Akaizungusha kofia mkononi. Nikadhani amemaliza.

"Mimi wakininyima kazi nina watu, nina shamba. Wewe hapa una nani?"

Nimelia. Akaniambia nisimlilie pale, watu wataona, watasema kanipiga.

Nimefungua kompyuta magotini. Slaidi ya kumi na moja. Nimefuta nafasi ya maneno nikaweka picha ya mwezi wa tatu: nyasi, na vichuguu, kimoja kimoja. Wageni wa Dodoma wataona shamba tu. Wataniuliza hii ni nini, na nitatakiwa kusema. Au nitasema ni picha ya kiwanja kabla ya ujenzi na kusogeza mbele. Hilo nalo ni kweli, na hakuna mgeni atakayejua. Sijui mdomo wangu utatoa kipi.

Mzee ameiona picha. Kaitazama muda mrefu, kichwa kimeinama. Amenyanyuka, amefunga vifungo vya koti. Nimemwambia akae, hakuna aliyemwita mle ndani. Amekataa. Anasema atasimama kule nyuma, ukutani, ili nikitazama mbele kuwe na uso mmoja ninaoujua.

Victor ametokea. Wageni wamekaa. Ameshika mlango wazi, barua ya mzee iko mkononi mwangu, sijui nimeichukua saa ngapi, na Victor anauliza ni nani kati yetu anaanza kuingia.